Jicho Jipya la Polycarp

Jumatatu, 5 Agosti 2002
Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo. Mwaka wa thelathini na nne tangu niondoke Nachingwea kwa safari ya wiki mbili.

Polycarp anaona!

Naandika kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la kwanza. Jicho langu la kulia limefunga kabisa. La kushoto linanionyesha dunia kama kupitia mvuke wa sufuria. Mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alisema hivyo mwaka jana, akasema operesheni ipo, ni ya haraka, ila siku hizi ni kuchangia gharama. Nichangie na nini? Nauza vitabu vilivyotumika juu ya meza yenye miguu mitatu.

Sasa leo. Kila siku saa nne Ghanshyam, mwenye duka la madaftari ng'ambo ya barabara, akimaliza gazeti lake huvuka na kunipa mimi. Nalisomea baraza zima. Ni kazi yangu. Nilikuwa msahihishaji katika kiwanda cha uchapaji cha umma miaka ishirini na mbili, mpaka kilipobinafsishwa nasi tukapunguzwa. Nikisoma mimi, koma inasikika.

Leo Ghanshyam kavuka. Nimenyoosha mkono. Kanipita! Kampa Polycarp!

Akasema kwa upole kwamba mzee Nurdin sasa apumzike. Nipumzike na nini? Kweli, tangu Mei nimekuwa nikisoma kwa kubuni, maana maandishi siyaoni. Lakini nilibuni vizuri. Hakuna aliyelalamika, isipokuwa yule bwana aliyesafiri hadi Kibaha kwenye mnada wa baiskeli.

Polycarp ni fundi cherehani mstaafu, Mngoni wa Songea, mpangaji wa chumba kinachotazamana na changu. Anasoma kama anavyokata kitambaa: mkasi unapofika, sentensi inaishia hapo. Baraza lilimsikiliza kama askofu.

Jicho kalipata kwa operesheni, kupitia binti yake Hyasinta, mwalimu wa shule ya msingi huko Mchikichini. Serikali inamkata mshahara kila mwezi kwa ajili ya bima ya afya, na kadi inamchukua na mzazi. Polycarp anaitoa ile kadi mfukoni mwa shati kama refa. Mtu akimsalimu, anaitoa. Mtu akiuliza saa, anaitoa.

Jumanne, 6 Agosti
Sikulala. Nimepata njia.

Kadi hiyo, nimesikia, inachukua pia wazazi wa mume wa mwanachama. Hyasinta hajaolewa. Mpwa wangu Ramadhan nimemlea mimi tangu hajaota meno, kwa hiyo kwa hesabu ya mtu yeyote mwenye akili mimi ni baba yake. Ramadhan amwoe Hyasinta. Mimi niwe baba mkwe. Niingie kwenye kadi kwa mlango wa mbele.

Nilimvizia jioni akirudi na madaftari ya wanafunzi. Kanipa shikamoo yake, nikaitikia marahaba ya kibaba. Nikamsifu Ramadhan: muuza viatu hodari, hanywi, meno yake yote yapo.

Akauliza kama ni Ramadhan yule ambaye mkewe kajifungua mapacha, na baba mdogo mwenyewe, yaani mimi, ndiye aliyewachagulia majina.

Nikasema dini yetu inaruhusu.

Akasema yake hairuhusu, na yeye mwenyewe haruhusu zaidi ya dini. Kisha akacheka, akasema ingekuwa hiari yake angeandika mtaa mzima kwenye ile kadi, ila wamemwekea kikomo.

Mtaa mzima! Ona majivuno ya watu wenye kadi.

Jumatano, 7 Agosti
Habari mbaya kupita zote. Jumanne ijayo Polycarp anafanyiwa jicho la pili. La pili! Mtu mmoja macho mapya mawili, na mimi sina hata moja.

Kijana mmoja alitaka kitabu cha sheria za barabarani. Nikampa kwa kupapasa, nene, jalada gumu. Akarudi baada ya saa moja. Kumbe ni nyimbo za kanisa. Nikamwambia madereva wa mji huu wanahitaji hicho zaidi. Hakucheka. Alitaka pesa yake.

Polycarp kaisoma hotuba ya waziri. Kairuka aya nzima bila kujua. Nilisikia pengo lake. Nilitaka kulia.

Kesho ni Nane Nane na chama kinakutana. Hapo ndipo!

Alhamisi, 8 Agosti, sikukuu ya wakulima
Chama cha Kuzikana cha Watu wa Kusini kilikutana uani kwa Bi Josepha, mwenyekiti wetu, anayekaanga samaki wa soko la Feri hapo hapo uani. Tuliketi katikati ya moshi. Nilivaa koti.

Niliomba nafasi nikasimama. Nasema bila kujisifu kwamba nilizungumza vizuri.

Nilisema sisi watu wa kusini tunachangiana kuliko kabila lolote mjini hapa, kwa sharti moja tu, kwamba mtu aache kwanza kupumua. Nikawakumbusha Mzee Eliasi, aliyekufa Machi kwa kichomi. Dawa ilikuwa duka la pili kutoka kitandani pake. Nani alitoa? Hakuna, maana alikuwa hai. Alipokata roho tukakodi mabasi mawili, tukashona sanda, tukapika pilau ambayo yeye asingeweza kuinunua hata siku moja. Nikasema: sanda tunayo, dawa hatuna.

Samaki tu waliendelea kusema.

Nikasema bima ni chama hicho hicho cha kwetu, ila inaanza mapema. Mzima anamlipia mgonjwa, kesho akiugua yeye, wazima wanamlipia. Haiitwi sadaka. Na kadi isiwe ya mwalimu na karani peke yao, maana homa haiulizi mtu kama ana mshahara. Serikali ituweke sote kwenye mfuko mmoja: muuza samaki, mchukuzi wa Kariakoo, hata Ghanshyam aliye na nafasi, ili mfuko uwe na kina. Bi Josepha aliacha kugeuza samaki. Mama mmoja alijifuta macho kwa kanga.

Hapo ningekaa chini.

Lakini nilimwona Polycarp (yaani niliuona ukungu wenye umbo lake) akiigonga ile kadi juu ya goti. Nikajikuta nasema kwamba, kwa kuwa nchi bado inajifikiria, mimi binafsi naomba sanda yangu sasa. Ya kwangu nipewe mapema, na mabasi yangu mawili, vibadilishwe kuwa jicho. Nikifa mtanitupa tu.

Bi Josepha akasema: “Mzee wangu, chama hiki kinatambua maiti. Wewe unaongea.”

Nikasema waniandike kama maiti wa muda.

Kosa kubwa! Polycarp akainuka. Yeye ni Mngoni, mimi Mmwera. Babu zake waliwafukuza babu zangu vilimani, na tangu hapo ni watani. Mtani msibani ana ruhusa ya kila kitu: kumkejeli marehemu, kuvaa nguo zake, kulala kaburini mpaka apewe chochote. Na mimi nimejitangaza marehemu mbele ya watu wote.

Kaichukua kofia yangu kichwani. Kaivaa. Kalivua koti langu mgongoni mwangu, nimo ndani. Kisha akaanza kulia kwa sauti ya mwanamke: “Yuko wapi Nurdin? Yuko wapi msomi wetu, aliyetusomea magazeti ya kesho! Aliyetuletea habari kabla hazijatokea! Nani sasa atatupeleka Kibaha?”

Watu walianguka. Bi Josepha aliunguza samaki.

Kwa hiyo alijua! Tangu Mei alijua kwamba nabuni, akakaa kimya miezi yote hiyo akinisikiliza kwa adabu. Mnafiki mkubwa.

Kikao kikafungwa. Hotuba yangu hakuna aliyeikumbuka.

Ijumaa, 9 Agosti
Mtani ananyang'anya? Na mimi ni mtani.

Desturi iko wazi. Mtani akikamata kitu chako mbele ya mashahidi, ni chake mpaka ukigomboe. Hukasiriki. Hulalamiki. Unatafuta kuku.

Baada ya swala nilikaa karibu na Polycarp. Alipofika ukurasa wa michezo nikamchomoa kadi mfukoni na kupiga ukelele: “Nimekamata!” Baraza likashangilia. Polycarp akacheka mpaka akakohoa. Akasema sawa, mtani, kuku wako yuko njiani, ila uniwahishie kadi kabla ya Jumanne, nina miadi na jicho langu.

Hakunidhania lolote. Kadi ya mtu nitaifanyia nini, wanafikiri. Kupepea?

Jumapili, 11 Agosti
Nimefanya mazoezi siku mbili ya kuwa Polycarp. Nakohoa kabla ya kusema. Nasema “Tumsifu Yesu Kristo” bila kukwama. Mungu anajua nia yangu ni ya kitabibu.

Picha ya kwenye kadi nimeitazama juani kwa jicho la kushoto. Mzee, mvi, jicho moja bovu. Picha za serikali hazibagui, zinawafananisha wazee wote.

Jumatatu, 12 Agosti
Sijui nianzie wapi.

Dirishani pa hospitali nilipita. Karani alitazama picha, akanitazama, akapiga mwayo. Niliingia kwa daktari wa macho kama mtu anayeingia kwake. Hakuna aliyeniuliza nimekuja na nini mkononi. Nikakalishwa kwenye kiti kirefu. Nakiri, pale kwenye kile kiti niliwaza: kumbe hivi ndivyo wanavyotibiwa wenzetu. Kama watu.

Daktari akamulika jicho la kulia. Nikasikia kalamu yake inaanguka.

Akasema jicho hili tulilifanya mwezi uliopita. Nikakohoa. Akasema mtoto tulimtoa, tukaweka lenzi, na sasa mtoto karudi, mzima, mkubwa kuliko mwanzo! Na lenzi haipo!

Akaita daktari mwenzake. Mwenzake akaita wanafunzi. Wakanizunguka. Kila mmoja alinimulika. Tangu nitoke kiwandani sijapata kuheshimiwa namna ile. Mmoja akauliza nimekula nini tangu operesheni. Nikasema dagaa. Wakaandika. Daktari mkubwa akasema jambo hili halijapata kuonekana, itabidi lipelekwe kwenye mkutano. Nilikuwa nimeanza kufikiria nivae koti lipi.

Ndipo akaingia muuguzi, sauti ya mwanamke mtu mzima. Wakamwita Sista Violeth. Akanitazama mara moja tu. Akasema: “Huyu siye. Mzee Polycarp alinichumbia nikiwa namfunga bandeji. Huyu mbona hajasema kitu?”

Nikakohoa kwa nguvu zaidi.

Akasema Mzee Polycarp ni Mngoni, basi mzee huyu anisalimie kwa Kingoni. Kwa bahati mbaya Kingoni ninachokijua ni matusi peke yake, kwa ajili ya utani. Nikachagua dogo kuliko yote. Halikuwa dogo vya kutosha. Kumbe na Sista Violeth ni wa Songea.

Kadi imezuiwa. Mimi nimesindikizwa hadi getini, mkono wa mtu mgongoni, kwa upole unaochoma kuliko kofi.

Jumanne, 13 Agosti
Polycarp hakufanyiwa jicho. Bila kadi hakuna operesheni. Kakaa barazani mchana kutwa katika shati lake jeupe la miadi.

Hakunikasirikia. Hawezi, ni utani. Alisema tu kwamba wengine wanakamatwa koti, yeye kakamatwa jicho. Baraza halikucheka. Ningependa angenitukana.

Hyasinta kaomba ruhusa kazini, kaenda kuwabembeleza watu wa bima. Jioni alisimama mlangoni pangu. Shikamoo ilikuwa fupi.

Akasema: “Baba mdogo, mimi nakatwa kila mwezi na sijaugua hata mafua. Sijuti. Najua pesa yangu inamtibu mtoto wa mwalimu mwenzangu huko Kigoma ambaye sitamwona maishani. Ndiyo maana yake. Lakini kuanzia leo kila mzee atakayefika pale dirishani atatazamwa kama mwizi. Hicho ndicho ulichochukua. Kadi ni karatasi tu.”

Nikajibu kwamba kama kila mtu angekuwa na kadi, nani angeiba ya mwenzake?

Akasema hilo ni kweli kabisa, na siku ile uani alitamani waziri angekuwepo akasikia. Kisha akasema nipeleke kuku kwa baba.

Kuku, mimi! Desturi inasema aliyenyang'anywa ndiye agomboe! Lakini nimepeleka. Polycarp kampika, kamla mbele yangu, kanipa shingo, pamoja na koti na kofia yangu.

Alhamisi, 15 Agosti
Ghanshyam alitoka dukani akipiga kelele mtaa mzima: “Mzee Nurdin! Simu! Nachingwea!”

Nilivuka nikiwa nimeshikwa mkono. Nilidhani ni msiba. Ni Hamis, mdogo wangu. Laini ilikuwa mbovu, Hamis alipiga kelele, nami nikapiga kelele, na Ghanshyam, ili kusaidia, akarudia kila neno kwa sauti kubwa zaidi. Kwa hiyo baraza lote linajua.

Kijijini wana mfuko wa afya wa jamii. Kila kaya inatoa mara moja kwa mwaka, kadi moja kwa kaya, zahanati inawapokea na hospitali ya wilaya pia. Jina la kwanza kwenye kadi ya kaya yetu ni langu. Kila wanapoandikisha, Hamis ananitaja wa kwanza, kwa kuwa mimi ni mkubwa. Karani aliuliza huyu Nurdin yuko wapi, Hamis akajibu yuko safarini.

Mwezi ujao madaktari wa macho wanapita wilayani. Hamis akasema njoo kaka, nafasi yako ipo.

Nikamwuliza nani kamwambia habari za macho yangu. Akasema ni rafiki yangu mmoja, Mngoni, kapiga simu jana kutoka hapo hapo dukani.

Anajipenyeza mpaka Nachingwea!

Hayakuishia hapo. Jioni Bi Josepha akaja na samaki aliyefungwa kwenye karatasi. Wajumbe wamekaa tena. Hotuba iliwaingia. Wamekubaliana kuanzia sasa chama kichangie na mgonjwa, asisubiriwe afe. Wa kwanza ni mimi: wananilipia basi la kwenda Nachingwea. Na wamechagua mwenyekiti wa kamati ya matibabu.

Nikasimama ili nipokee.

Polycarp.

Wazo langu. Hotuba yangu. Mzee Eliasi wangu. Mwenyekiti: Polycarp! Nikauliza kwa nini. Bi Josepha akasema kwa utulivu kwamba ilibidi wamchague mtu anayeona.

Polycarp akaniambia kutoka mlangoni pake: “Nenda, mtani. Kiti chako nitakikalia mimi.”

Jumamosi, 17 Agosti
Wote walinisindikiza kwenye basi. Hyasinta kanifungia mihogo ya kuchoma. Polycarp kabeba begi langu, akasema kadi yake imerudishwa, Jumanne wanamfanyia jicho la pili. Alinipa mkono akasema tutaonana, akacheka mwenyewe.

Basi likaondoka. Dirishani niliona ukungu wa rangi rangi, ndio mji.

Nikawaza kwetu. Nyumba niliyoiacha haipo. Mwaka sabini na nne walihamishwa wote, wakapelekwa kwenye vijiji vipya kando ya barabara. Mimi nilikuwa huku nasahihisha vitabu vya kuelezea faida za vijiji hivyo, na koma zote zilikuwa mahali pake. Hamis anakaa mahali nisipopajua. Kaburi la mama liko kule kwa zamani, chini ya mikorosho ambayo sasa anaokota mtu mwingine. Nikipewa jicho Nachingwea, nitaona nini? Nitaona kwamba hapapo. Sasa hivi, nikifumba haya mabovu, napaona pote: njia ya kisimani, mlango, jiwe la kunolea.

Hayo niliyawaza mpaka Mtoni. Kuanzia Mtoni niliwaza kiti changu. Saa nne inakaribia. Ghanshyam anavuka. Polycarp ananyoosha mkono, amekalia mto wangu. Jumanne jicho la pili. Atasoma bila miwani! Atasoma barua za wasomaji kwa sauti za watu mbalimbali, mtindo wangu mwenyewe!

Nikapiga ukelele dereva asimame. Nikateremka Mbagala. Kondakta akauliza kama nimesahau kitu. Nikasema ndiyo.

Jumapili, 18 Agosti
Nimo barazani tangu asubuhi. Bi Josepha kasema maneno ambayo sitayaandika. Hyasinta kanipa shikamoo akaingia ndani, nikasikia mlango. Polycarp aliuliza tu kama basi liliharibika. Nikasema vitabu vyangu havina mwangalizi. Akasogea. Hakusogea sana, ila nilipata pa kukaa.

Saa nne Ghanshyam akavuka. Akasimama kidogo katikati yetu. Akampa Polycarp.

Kasoma. Koma tisa kazikanyaga. Nimemsahihisha kila moja kwa sauti. Mara ya mwisho alisimama, akasema basi mtani, wewe shika koma, mimi nishike maneno. Watu wakaona ni mpango mzuri. Mimi msaidizi wa Polycarp!

Lakini usiku sikulala bure. Nimekumbuka jambo ambalo kila mtu kalipita. Kadi ya bima inamchukua nani kabla ya mzazi, kabla ya mkwe, kabla ya mtoto? Mwenza! Na Sista Violeth ni mtumishi wa serikali, na kwa sauti yake ni mjane kama mimi. Polycarp alimchumbia akakataliwa, jambo linaloonyesha kwamba ni mwanamke mwenye akili. Mimi sina sababu ya kukataliwa. Kesho naenda, koti limepigwa pasi. Nimemwomba Polycarp anifundishe salamu ya Kingoni ya heshima, bila kumwambia ni ya nani. Kanifundisha akicheka. Sijui kwa nini alicheka.

Hamis nimempigia simu nikamwambia asilifute jina langu, aliache pale pale, la kwanza, na karani akiuliza aseme bado niko safarini. Lakini Nachingwea sitarudi.